Kiti cha Dirishani

"Leo utakaa maktaba," Karin alisema, bila kumtazama usoni.

Pahoua Vang hakuinuka. Binti wa miaka kumi na mitano, amevaa mkufu mzito wa fedha, ule ambao watu wa kabila lake, Wahmong wa asili ya Asia, huuvaa mwaka mpya, na mwaka mpya ulishapita zamani. Siku nyingine Karin angeuliza. Asubuhi hiyo hakuwa na muda wa mikufu.

"Nakaa dirishani," Pahoua alisema. "Leo nakaa dirishani. Leo hasa."

"Kesho, mama. Nimekuwekea ile picha yako ya kupanga vipande huko maktaba."

Mtoto alitazama kiti chake, akatazama mlango, akabeba daftari akatoka. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Usimhukumu Karin upesi. Au mhukumu, hiari yako. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, ameacha kazi ya bima akarudi chuo kikuu kusomea leseni mbili kwa mpigo: hisabati ya sekondari na elimu maalumu. Somo lake la kwanza la kukaguliwa liliharibika vibaya. Mtu alitoa jibu sahihi, Pahoua akashangilia kwa makofi na vigelegele dakika kumi nzima, darasa likavunjika mbavu. Mkaguzi aliandika: *hajalimudu darasa.* Akishindwa tena anaondolewa kwenye mafunzo, na leseni zote mbili zinakwenda na maji. Na mkaguzi wa leo alikuwa mpya, hajawahi kuonana naye: Daktari Xiong wa chuoni.

Bwana Dale, mwalimu mwenye darasa, alichungulia.

"Pahoua yuko wapi?"

"Maktaba. Ana kazi yake."

"Kazi gani?"

"Kazi yake tu."

Dale alimtazama kama mtu anayenusa maziwa ya juzi. "Haya. Somo lako, kikaango chako. Mimi naenda zangu kunywa kahawa."

Karin akabaki na uso unawaka moto. Alijua alichofanya. Yaani mtu unasomea elimu maalumu, halafu siku ya kuonyesha ulichojifunza unamficha mtoto mwenyewe anayeihitaji! Lakini alijikaza, akafuta ubao ambao tayari ulikuwa safi.

Saa mbili na dakika tano mwanamke mmoja aliingia taratibu, theluji mabegani, koti jeusi, viatu vimeng'arishwa. Kifuani alibandikwa ile karatasi ya wageni wanayopewa ofisini, imeandikwa kwa kalamu nene: XIONG.

Karin alimvamia mlangoni. "Karibu, karibu sana! Andalio la somo hili hapa. Keti pale nyuma." Mgeni alifungua mdomo aseme neno, kengele ikamkata.

Karin aliita majina. Akina Vang sita, akina Xiong wanne, na wengine. Jina la Pahoua alilikwepa kama shimo barabarani. Mgeni aliinua kichwa.

Somo lilikwenda vizuri, tena vizuri mno. Mteremko wa mstari, watoto wanainua mikono, hata wale wavivu wa nyuma wanabishana. Karin mwenyewe alijishangaa. Laiti angekuwa na roho ya kufurahi!

Maana mgeni hakuwa akiandika kitu. Kalamu hana, kompyuta hana. Alikuwa ameshika ukurasa wa pili wa andalio, kidole chake kinatembea polepole chini ya maneno ambayo Karin aliyaandika kwa mkono wake mwenyewe: *P.V. akishangilia apewe nafasi ya kutulia. Asiondolewe darasani.*

Mgeni alitazama kiti kitupu cha dirishani. Akatazama mlango. Akarudi kukitazama kiti.

"Kashajua," Karin alijisemea. Aibu ilimshika hata alama za jumlisha na kutoa zikamchanganya, mpaka mtoto mmoja akamsahihisha. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa imebakiza dakika ishirini, na zilikuwa ndefu kweli. Akaamua: akiulizwa, atasema binti anaumwa. Basi. Mtoto kuumwa ni kitu cha kawaida.

Kengele ililia, watoto wakamwagika nje. Karin alivuta droo achukue fomu ya mkaguzi ya kutia sahihi. Simu yake ilikuwa juu ya fomu, na ndani ya simu ujumbe uliotumwa saa mbili kasoro robo: *Theluji imefunga barabara kuu, nimekwama. Samahani sana, nitakuja Alhamisi. Dkt. Xiong.*

Aliusoma mara mbili. Kisha akainua macho.

Mwanamke alikuwa amesimama dirishani, kiganja chake juu ya kiti kitupu.

"Unafundisha vizuri, mwalimu," alisema kwa upole. Aliona Karin anaikodolea macho ile karatasi ya kifuani. "Mimi ni Xiong wa kwa baba yangu. Pahoua ni Vang wa kwa baba yake. Nimeomba ruhusa kiwandani nije nimwone mara hii moja tu, amekaa na wenzake. Jana hakulala, usiku kucha ananiambia mama usikose, mimi ni wa dirishani. Asubuhi kavaa na mkufu wangu ili asinipotee." Akatazama tena mlango. "Mwalimu, kwani mwanangu anaumwa?"