Farasi Aliyejipaka Karafuu

Wanyama walikuwa na mchezo wao wa kuwinda harufu tu. Paa alitangulia akiburura tambara lililolowa mafuta ya karafuu, mbwa wakainusa njia yake, na wengine wakawafuata mbio. Aliyependeza kuliko wote ndiye aliyeongoza msafara.

Farasi aliitamani mno nafasi hiyo. Alisuka nywele za shingo, akang'arisha kwato, akafunga tai nyeupe. Bado akaona haitoshi; akachota mafuta kwenye kopo la Paa, akajipaka mwili mzima.

"We Punda, na tope hilo unakwenda wapi?" akamdhihaki. "Rudi ukaoge!"

"Nimeoga, ndugu yangu. Njia ndiyo iliyonichafua," Punda akajibu, akasogea nyuma kabisa.

Mbwa wakafunguliwa. Wakainua pua, wakaliacha tambara, wakamgeukia Farasi! Akatimua mbio, mbwa wakimfukuza, msafara mzima ukicheka, mpaka akajitupa dimbwini.

Alipotoka, nywele zilikuwa zimefumuka na tai imejaa matope. Wote walikwishaondoka isipokuwa Punda.

"Tembea ubavuni mwangu, ndugu yangu, nikukinge wenzetu wasikuone hivi tukifika," Punda akasema kwa upole.

Farasi aliinamisha kichwa. Afadhali angetukanwa.