Nusu ya Nyumba

Barabara ilipotakiwa kupanuliwa, vipimo vilipita katikati ya nyumba ya marehemu Shemdoe. Upande wa mbele, alikoishi mke mkubwa, Bi Zaituni, ungebomolewa. Chumba cha nyuma, cha mke mdogo, Mwanahawa, kingebaki. Tangu wamzike mume wao, miaka sita, wake hao hawakusemeshana.

Siku ya kubomoa, magari yaliyokwama kwenye foleni yalipiga honi bila kukoma.

"Mama, tunaanza!" msimamizi alipaza sauti.

Bi Zaituni alikuwa ameburuta kitanda chake hadi ukumbini. Nyuma yake tingatinga lilinguruma, na mbele yake mlango wa Mwanahawa ulikuwa umefungwa. Hakuwa na pengine pa kwenda, lakini mkono ulikataa kubisha.

Plasta ilianza kumdondokea kichwani. Ndipo komeo likafunguliwa.

"Kilaze ubavu, Bi Mkubwa, kitapita," alisema Mwanahawa, akashika miguu ya kitanda.

Chumba kilikuwa kidogo. Vitanda viwili viliacha upenyo mwembamba tu. Wakaketi wakitazamana, magoti yakigusana, na ukuta wa mbele ukaanguka.