Orodha Namba Saba

"Orodha namba saba," mzee Wiebe alisema, akimsukumia binti yake kadi yake ya kupigia kura pamoja na kopi ya kitambulisho, ili ampigie kwa niaba yake kama sheria ya huko inavyoruhusu. "Umesikia, Jorien? Usinichezee."

Jorien aliitazama miguu ya baba yake. Soksi zile za sufu alifumiwa na Letebrhan, mama mkwe wa Jorien, aliyekimbia Eritrea na sasa ni mwezi wa kumi na moja anasubiri makaratasi ya ukaazi katika hosteli ya wakimbizi kando ya mfereji. Namba saba ni Ngome, chama kilichoapa kuifunga hosteli hiyo kikishika baraza la mji.

"Unavaa soksi zake halafu unamfukuza? Huna hata haya, baba?"

"Nimekutuma kura, sikukuomba maoni."

Kicheko kilitoka jikoni. Gerbrand, jirani mwenye beji ya Ngome kifuani, alikuwa akipasha supu ya njegere. Ndiye aliyekuwa akimpeleka mzee hospitali kusafishwa damu, mara tatu kwa wiki. Mzee hakuwa na mwingine: Jorien hakuwa na gari, na zamu yake kiwandani huanza alfajiri.

"Nipe mimi hiyo kadi, mzee. Huyu atakuuza mchana kweupe."

"Damu yangu ndiyo itakayonipigia," Wiebe alijibu. "Ingawa namjua. Tangu mdogo, nikimwambia ale supu, anaimwaga kwenye sinki halafu ananionyesha bakuli tupu."

Gerbrand akacheka tena. Jorien akatoka amefura, akaubamiza mlango.

Katika ukumbi wa mazoezi wa shule, alisimama na karatasi mbili za kura na penseli nyekundu ya kujazia viduara. Ya kwake aliimaliza haraka. Ya baba ilimshinda. Nani angejua? Penseli ilikwishagusa kiduara cha orodha nyingine alipokumbuka wanachotangaza Ngome kila siku: kwamba watu wa aina yake, walioolewa na wageni, ni wezi wa kura.

Hapana. Hawatamfanya awe kile wanachomsingizia, washenzi wale. Kura ya mtu ni ya mtu, hata akiwa mpumbavu. Akapaka nyekundu namba saba, akikandamiza nusura penseli ivunjike, machozi ya hasira yakimtoka.

Aliporudi, baba alikuwa peke yake na bakuli la supu iliyopoa.

"Gerbrand ameenda kugawa vipeperushi," mzee alinong'ona, akichungulia dirishani. "Haya, sema upesi. Umempigia nani?"

"Namba saba! Kama ulivyoagiza. Furahi sasa!"

Wiebe aliinama, akazivuta soksi zake taratibu, moja baada ya nyingine, mpaka zikamfika magotini.

"Miaka thelathini na nane hujanitii hata mara moja," alisema kwa hasira. "Leo ndiyo umeona uanze?"