Ombi la Zizini

Ngumi ya kwanza ilimng'oa Festus jino. Ya pili hakuiona, aliisikia tu ikitua sikioni, naye akaanguka kifudifudi kwenye mavi ya ng'ombe.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, saa ya ibada, na boma zima lilikuwa tupu. Ngoma za kanisani zilisikika kutoka ng'ambo ya mto. Huko ndiko Festus angekuwa, kama si ile shaka. Tangu bintiye Phelista afe, baada ya maombi yote yale na kufunga, alikuwa akiimba kwa midomo tu. Mkewe Nasambu hakumficha: "Wewe unaomba huku unachungulia kama Mungu yuko. Utajibiwa aje?"

Sasa mtu wa shati jeupe alikuwa amemkalia mgongoni.

"Leo utakufa, bana!"

"Utatangulia wewe!"

Festus alijipindua, akamtia vidole machoni. Mbwa naye akaingia katika vurumai ile, akamng'ata Festus kisigino. Ng'ombe mwenyewe, chanzo cha haya yote, alisimama kando na kamba yake shingoni, akicheua.

Mtu yule aliinuka akiwa amefumba macho kwa uchungu, akapeleka mkono nyuma ya mlango wa stoo, akatoka na panga. Pigo la kwanza lilimchana Festus bega hadi mfupa ukaonekana. La pili lilinasa kwenye nguzo ya zizi.

Mfa maji haachi kutapatapa. Pale pale, damu ikimtiririka, Festus aliomba, na safari hii hakuchungulia. "Mungu, kama uko, niokoe sasa. Kama hauko, basi tumalizane." Mwenzake naye, akilivuta panga lililokwama, alikuwa akilia, "Yesu, nisaidie! Yesu!"

Sijui huko mbinguni walipokeaje simu mbili kwa mpigo. Panga lilikataa kung'oka.

Festus aliokota gogo la kuni, akapiga. Goti likavunjika. Akapiga kichwa, akapiga tena, mpaka shati jeupe likawa jekundu na yule mtu akanyamaza kabisa.

Alipiga magoti hapo hapo kwenye mavi, akalia kwa furaha. Shaka yote ilimtoka. Mungu yuko, na anasikia! Alitamani Nasambu angekuwepo aone.

Lango likafunguliwa. Mwanamke mmoja aliingia, Biblia kwapani.

"Baba Tonny! Kuchukua miwani tu ndio ukawie hivi? Si pasta anakungoja usome Neno!"

Kisha akamwona mumewe pale chini, shati lake la kanisani limelowa damu, akapiga nduru: "Mwizi! Mwizi ameua mume wangu!"

Festus akasema amina, akakamata kamba, akamswaga ng'ombe wa watu mbio kupitia shamba la mahindi.