Salamu Zilizopita Mpakani

Tangu serikali mbili za Korea ziruhusu ndugu waliotengana kuonana kwenye skrini dakika kumi kila mwezi, Hwa-yong hajakosa zamu yake. Anaishi Sokcho, kusini. Mdogo wake Chol-ho alibaki Hamhung, kaskazini. Mwezi huu alikuwa na habari nzito.

"Chol-ho, mama amefariki. Tulimzika Jumanne."

Chol-ho akatabasamu. "Nimefurahi sana, dada. Nisalimie mama."

Hwa-yong akainuka, akamfuata msimamizi wa kituo. "Mdogo wangu amesikia nini?"

"Amesikia kwamba mama hajambo, bibi. Mashine huondoa habari za majonzi na kuweka nyingine kwa sauti yako."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya serikali zote mbili. Hilo tu ndilo walilowahi kukubaliana."

Hwa-yong alirudi kitini kwa hasira. Aliwalaani wakubwa wa kaskazini na wa kusini mpaka sauti ikamkauka. Chol-ho alimsikiliza huku akicheka, kana kwamba anasimuliwa habari za harusi. Kisha akasema kwamba yeye na wanawe ni wazima, wanakula na kushiba. Hwa-yong akabaki ameikodolea macho midomo yake.