Damu kwenye Bati

Damu ilikuwa imekaukia kwenye bati la dirisha la ghala. Mifuko ya mbolea ya chama cha msingi cha ushirika ilikuwa imetoweka usiku, tena msimu ambao ruzuku imeondolewa na wenye maduka Sumbawanga mjini wanaiuza kwa bei waitakayo.

Nesi Evodia hakujali mbolea. Alitazama kutu ya lile bati, na samadi iliyorundikana chini yake.

"Aliyejikata hapa aje zahanati leo," aliwaambia wanakijiji waliokusanyika. "Nitamsafisha kidonda na kumchoma sindano ya pepopunda. Akipuuza, taya zitakaza, mgongo utapinda kama upinde, huku akili zake zote anazo. Sitamuuliza jina."

Mwenyekiti wa chama, mzee Isdori, alikuwa amejikunyata ndani ya koti lake kwa ajili ya manyunyu.

"Mmesikia?" alisema. "Mwizi atajileta mwenyewe. Mgambo, twende tukamsubiri."

"Mzee, mkikaa mlangoni hataingia. Mtamuua!"

"Wewe tibu, nesi. Wezi tuachie sisi."

Wakalikalia benchi la zahanati. Wajawazito walipita, watoto wenye vikohozi walipita. Mchana akatokea Masanja, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, mkono umefungwa kitenge.

"Ndiye huyo!" Isdori aliruka, akimwonyesha kwa kidevu. "Nilijua tu, hawa watu wa kuja!"

Mgambo walimbwaga chini kabla hata hajasalimia. Evodia akawasukuma kando, akakifungua kile kitenge mbele yao. Kiganja kizima kilikuwa malengelenge.

"Ameungua na uji. Mwachieni!"

Hakuna aliyemwomba radhi. Evodia alimsafisha, akamfunga bandeji, akamchoma na yeye sindano yake. Masanja akaondoka bila kumtazama mtu.

Jua likaanza kuinama. Evodia hakuacha kumfikiria yule mtu asiyemjua, amejibanza mahali fulani na kidonda chake, akiliogopa benchi kuliko kifo. Uvumilivu ukamwishia, akatoka nje.

"Mzee Isdori, nakuomba kwa jina la Mungu. Mwizi naye ana mke, ana watoto. Ondokeni japo kidogo."

Uso wa Isdori ulikuwa umechoka.

"Haya," alisema, akawageukia mgambo. "Nendeni mkale. Nitabaki mimi peke yangu."

Walipopotelea kwenye kona ya njia, Evodia akashusha pumzi, afadhali mzee mmoja kuliko benchi zima, akarudi ndani kuchemsha sindano, akiomba mwizi awe karibu. Nyuma yake akasikia komeo la mlango likisukumwa kwa ndani.

"Fanya haraka, mwanangu," alisema Isdori, akihangaika kuuchomoa mkono wa kulia kutoka mfukoni mwa koti. "Wale ugali hauwachukui muda."