Mtafsiri wa Filamu za Bwiza

Tangu vita vimwachie nyumba tupu, kila mchana Tajudini alitafsiri filamu kwa kipaza sauti katika ukumbi wa video wa mtaa wa Bwiza. Leo, kwenye skrini, polisi alikuwa amemnasa muuaji wa kukodiwa.

Kwenye benchi la mbele, mtu mwenye sikio lililokatika alitafuna karanga. Tajudini alilitambua sikio lile. Alikuwa amepishana na mwenye sikio hilo mlangoni kwake, mtaa wa Kamenge, siku aliyomkuta mkewe ameuawa, nguo alizoanua zingali mikononi.

“Kaka Tajudini, we umelala? Polisi anasema nini?” mtazamaji mmoja alipaza sauti. Watu wakacheka.

Polisi alisema tu, tupa bunduki.

“Anasema,” Tajudini alijibu taratibu, “uliua muke wangu kule Kamenge, alikuwa anaanua nguo. Mi sitaki kukuua. Nataka uniambie sababu.”

Yule mtu akaacha kutafuna.